Gari Linapokata Nguvu Mlimani: Historia ya Kumtafuta Mchawi wa Injini

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu mbili: kazi ya ofisini, na gari la mjomba wangu. Kazi nitaieleza siku nyingine. Leo nataka tuzungumze juu ya gari, kwa sababu limenifanya nisome historia ambayo chuoni hatukufundishwa, na pia kwa sababu nina deni la kuomba radhi hadharani.

Mjomba analima chai upande wa Bomet. Bonasi ya mwaka juzi aliiongezea akiba yake akanunua gari dogo la Kijapani, lile la kubebea watu na mizigo kati ya Litein, Kapkatet na Kaplong. Ukifika huko utayaona magari ya aina hiyo yamejaa kila steji, yamebeba watu, maziwa, mbolea na kuku. Ndiyo kazi yake siku ambazo hachumi chai.

Siku moja akanipigia simu. "Mpwa wangu, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Gari linakata nguvu. Linapanda vizuri, halafu ghafla unakanyaga mafuta haliendi. Ukisimama kidogo, linarudi kama jipya."

Nilikuwa na kifaa changu kidogo cha Bluetooth, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Nikasafiri wikendi hiyo nikiwa na furaha ya daktari aliyebeba kipimo kipya. Nikachomeka. Msimbo ukatokea: P0171. Maana yake, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Nikapekua mtandaoni dakika kumi, nikakuta watu wengi wanasema ni sensa ya oksijeni. Nikamwambia mjomba kwa sauti ya mtu mwenye shahada: "Ni sensa. Nunua." Akanunua kwa shilingi 8,500. Nikaifunga, nikaufuta msimbo, taa ya injini ikazimika, nikarudi Nairobi nikijisifu.

Siku nne baadaye gari lilikata nguvu tena likiwa na abiria watano, kwenye kona ya kupanda, nyuma yake lori la majani ya chai. Dereva wa lori alikuwa makini na breki zake zilikuwa nzima, kwa hiyo leo naandika makala haya na siandiki tanzia.

Swali lililoninyima usingizi ni hili: mashine ilisema kweli au ilidanganya? Jibu nililipata nilipoanza kuuliza mashine hiyo ilitoka wapi na iliundwa kumtumikia nani. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

KWANZA, ENZI ZA SIKIO NA PUA

Kabla ya kompyuta, injini ya petroli ilihitaji vitu vitatu tu, na mpaka leo ni vilevile: hewa, petroli, na cheche kwa wakati wake. Gari likikata nguvu, kimojawapo kimepungua. Ufundi wote wa kutafuta ugonjwa ni kujua ni kipi.

Petroli na hewa vilichanganywa na kabureta. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza mwaka 1893 kabureta yenye boya na tundu la kunyunyizia, na wazo hilo likaendesha magari ya dunia kwa karibu miaka mia moja. Kabureta haina akili hata chembe. Hewa inapita kwa kasi katika koo jembamba, inavuta petroli kupitia tundu dogo, basi. Haijui kama uko baharini au mlimani.

Na hapo ndipo Kericho inapoingia. Mji wa Kericho uko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitoka huko kuelekea Nakuru unapita Mau Summit, ambako ni zaidi ya mita 2,500. Kwenye mita 2,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na tabo inapumua hewa hiyo nyepesi, kwa hiyo inapoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake hata ikiwa nzima kabisa! Kabureta iliyorekebishwa Mombasa ikifika Kericho huendelea kumimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi zinapata masizi, moshi unakuwa mweusi, gari linapanda kama mtu mwenye pumu. Fundi mzuri alinusa moshi, akaitazama rangi ya plagi, akabadilisha tundu.

Kulikuwa na ugonjwa mwingine uliosumbua sana enzi hizo, na naomba uukumbuke maana tutarudi kwake. Pampu ya petroli ilikuwa imefungwa kwenye injini yenyewe, penye joto. Ukipanda mlima mrefu polepole ukiwa na mzigo, petroli ilichemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Pampu iliyoundwa kusukuma maji maji ikajikuta inasukuma mvuke. Mlimani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu hewa ikiwa nyepesi kimiminika huchemka kwa joto dogo zaidi. Gari lilikata nguvu, likazima. Dawa yake ilikuwa kitambaa kibichi juu ya pampu na subira. Baada ya dakika kumi gari liliwaka kama halijawahi kuugua.

Koili na kondensa za mfumo wa cheche nazo zilikuwa na tabia ileile: zikipata moto zinakata, zikipoa zinarudi. Kwa hiyo fundi wa zamani aliposikia maneno "likipumzika linarudi", hakukimbilia kufungua chochote. Alianza kuuliza maswali. Lilipumzika muda gani? Lilikuwa na mzigo? Lilizima ghafla kama taa, au lilikohoa kwanza? Likizima ghafla kama taa, alishuku umeme. Likikohoa na kulegea polepole, alishuku petroli. Hiyo ndiyo ilikuwa programu yao, ndugu zangu, na iliishi kichwani.

MTOTO WA KERICHO

Tukizungumzia vichwa vya aina hiyo, hatuwezi kumruka Joginder Singh. Wengi wanamjua kama bingwa wa Safari Rally. Wachache wanajua kwamba alizaliwa Kericho, mwaka 1932. Alijifunza ufundi tangu ujana katika gereji ya baba yake, na kabla ya kuwa maarufu aliwahi kuwa askari wa doria wa chama cha wenye magari, Royal East African Automobile Association. Ile ilikuwa kazi ya kwenda kuyakuta magari yaliyokwama barabarani na kuyaondoa hapo, bila mashine ya kukusomea chochote.

Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita katika barabara za kawaida za Afrika Mashariki, mara nyingi wakati wa mvua za Pasaka. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyomaliza, na hivyohivyo mwaka 1968. Miaka yote hiyo miwili ilishindwa na Peugeot 404. Katikati, mwaka 1965, Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda wakiwa na Volvo PV544 ambayo si mpya, gari lililokuwa limeshatumika mashindanoni mwaka uliotangulia. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer.

Mimi si mtu wa mashindano. Lakini ninapotazama orodha yake, kushinda mara tatu hakunishangazi kama jinsi alivyomaliza Safari nyingi ambazo wengine waliziacha njiani. Kumaliza ni kazi ya kusikia ugonjwa kabla haujawa msiba. Dereva aliyekuwa fundi alikuwa na sensa zake: mgongo, masikio, pua na nyayo za miguu. Alifariki mwaka 2013.

HALAFU MOSHI WA LOS ANGELES

Sasa ondoka Kericho twende Marekani, kwa sababu kile kitundu nilichochomeka kifaa changu kilizaliwa huko, na hakikuzaliwa kwa ajili ya gari linalokata nguvu.

Miaka ya 1940 jiji la Los Angeles lilianza kufunikwa na ukungu mchafu uliowasha macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit, Mholanzi aliyefanya kazi California, alionyesha kwamba moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta ukipigwa na jua ndio unaozalisha ukungu ule. Kukawa na vita virefu na watengenezaji wa magari, na mwishowe zikaja sheria. Kuanzia magari ya mwaka 1975, mengi ya Marekani yalifungwa kisafisha moshi, lile pipa la kwenye bomba la moshi ambalo ndani yake lina madini ya thamani kama platinamu.

Kisafisha moshi kinachoshughulikia sumu zote tatu kwa pamoja kina masharti makali. Kinataka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, si zaidi sana wala pungufu sana. Kabureta isiyo na akili haiwezi kazi hiyo. Ndipo kompyuta ikaingia chini ya boneti. Bosch walikuwa tayari na mfumo wa kunyunyiza petroli kwa umeme tangu mwaka 1967, katika Volkswagen. Mwaka 1976 Volvo wakaanza kutumia sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Sensa inaonja moshi na kuiambia kompyuta "oksijeni imebaki nyingi", kompyuta inaongeza petroli. Ikisema "imebaki kidogo", inapunguza. Ni kitanzi, kama vile tunavyoandika katika programu, kinachozunguka mara nyingi kila dakika.

Miaka ya mwanzo ya 1980 kompyuta hizo zilianza kuweka kumbukumbu za hitilafu. Uliunganisha waya mbili, taa ikapepesa mara kadhaa, ukahesabu. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake. California ikalazimisha magari mapya kuwa na uwezo wa kujipima kuanzia mwaka 1988, na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ikalazimisha soketi ya aina moja na misimbo ya aina moja. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Soma tena aya hizo uone ni nani aliyeagiza mashine hii. Aliyeiagiza ni mamlaka ya hewa safi. Swali ambalo soketi ile iliundwa kujibu ni "Je, gari hili linachafua hewa kuliko linavyoruhusiwa?" Halikuwa "Kwa nini mjomba amekwama kwenye kona ya Litein?" Mara nyingi maswali hayo mawili yana jibu moja, na hapo mashine inakuwa rafiki mkubwa. Lakini si kila mara. Katika magari mengi ya kawaida ya bei nafuu hakuna sensa inayopima nguvu ya petroli inayotoka kwenye pampu. Petroli ikipungua, kompyuta haioni pampu. Inaona tu kwamba moshi una oksijeni nyingi, kwa hiyo inaripoti kile inachokiona.

P0171 haikudanganya. Mimi ndiye niliyesikia jina la shahidi nikadhani ni jina la mwizi. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopiga kelele kwamba kuna kasoro, nami nikamkamata aliyepiga kelele.

Wenzangu wa programu mnajua jambo hili. Programu ikianguka, kompyuta inakuonyesha mstari ilikoangukia. Mara ngapi kosa lilikuwa kwenye mstari huohuo? Mara nyingi kosa lilipandwa mbali, faili nyingine, likasafiri kimyakimya hadi likamwangukia mtu asiye na hatia. Kazini nalijua hili. Kericho nililisahau kwa sababu mashine ilitamka kwa sauti ya uhakika.

TATU, YALIYOTUFIKIA SISI

Nchini Kenya soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yalimiminika kupitia Mombasa. Baadaye sheria ikaweka kikomo cha miaka minane kwa gari linaloingizwa. Magari haya yalikuja na kompyuta zilizoandikwa kwa ajili ya Japani: barabara zake, sheria zake na petroli yake. Mengi hayakuzungumza lugha iliyolazimishwa Marekani, hata pale ambapo umbo la soketi lilifanana. Ulichomeka mashine, ikakaa kimya.

Na petroli? Petroli yetu ilikuwa na risasi hadi Kenya ilipoachana nayo mwanzoni mwa mwaka 2006. (Dunia nzima ilimaliza mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho.) Risasi hufunika yale madini ya kisafisha moshi na kuyaua. Kikiharibika kinaweza kuziba, na injini iliyozibwa bomba la moshi ni kama mtu anayekimbia huku amezibwa mdomo: inawaka, inanguruma taratibu, lakini mlimani haina kitu. Ndiyo maana mafundi wengi walizoea kuking'oa. Kwa macho yao walikuwa wanatibu gari, na kweli liliendesha vizuri. Kazi nzima ya Haagen-Smit ikaishia kwenye rundo la vyuma nyuma ya gereji.

Kisha kuna mafuta ya taa. Kwa miaka mingi yalikuwa ya bei nafuu kuliko petroli na dizeli, na wajanja wakayachanganya. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Mwathirika mwingine akawa mama anayepikia jiko la mafuta ya taa, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba hakuna msimbo unaosema "umeuziwa mafuta mabaya Jumanne". Swali la "uliweka mafuta wapi mara ya mwisho?" linaulizwa na binadamu.

NNE, KIFAA MFUKONI

Hapa nampigia saluti mtu wa taaluma yetu. Kampuni ndogo ya Kanada, ELM Electronics, ilitoa mwaka 2005 chipu iitwayo ELM327. Kazi yake ni ukalimani: upande mmoja inazungumza lugha mbalimbali za magari, upande wa pili inazungumza maandishi mepesi ambayo kompyuta au simu yoyote inaelewa. Programu ya toleo la kwanza haikufungiwa dhidi ya kunakiliwa, watu wakainakili, na soko likajaa vifaa vya kuiga. Kampuni yenyewe ilifunga shughuli mwaka 2022. Lakini vile vifaa vya kuiga ndivyo vilivyofika kwenye gereji za Kericho na Sotik kwa bei ambayo fundi wa kawaida anaimudu. Mashine ambazo zamani zilikuwa za karakana kubwa tu sasa zinakaa mfukoni pamoja na funguo.

Ni jambo zuri sana. Hatari yake ni kwamba wametufikia wasomaji wa misimbo wengi kuliko wasomaji wa magari, nami ni mmoja wao.

KURUDI KWA MJOMBA

Baada ya lile tukio la kona nilirudi, safari hii bila furaha. Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana, twende kwa mzee," akanipeleka kwa fundi mmoja wa makamo ya babu yangu, chini ya miti ya mikaratusi, gereji isiyo na ukuta.

Nikamsalimu, "Chamgei, mzee." Akaitikia, akanawa mikono, akakaa kwenye jerikeni lililopinduliwa. Hakufungua boneti. Akaanza kumuuliza mjomba.

"Linazima kama taa au linalegea?"

"Linalegea."

"Tambarare au mlimani?"

"Mlimani tu. Na zaidi likiwa limejaa watu."

"Ukisimama, unazima injini?"

"Nazima. Dakika kumi, linarudi."

"Mafuta unaweka ya ngapi?"

Mjomba akacheka kwa aibu. "Ya mia tano, mzee. Taa ikiwaka naongeza nyingine ya mia tano."

Mzee akanitazama. "Na wewe, mashine yako ilisema nini?" Nikamwambia petroli kidogo, hewa nyingi. "Basi imesema vizuri. Petroli ni kidogo. Sasa tumuulize nani anaizuia."

Akatoa geji ya presha yenye kioo kilichopasuka, akaiunga kwenye bomba la petroli, akapitisha mpira wake nje ya boneti na kuifunga geji kwa gundi ya karatasi juu ya kioo cha mbele ili tuione tukiwa ndani. Mifumo ya aina hii inataka kama baa 3. Gari likiwa limesimama, sindano ilikaa pale pale, tatu. Ingekuwa mimi, ningeishia hapo niseme pampu ni nzima!

"Mgonjwa haumwi akiwa amelala," mzee akasema. "Twende mlimani." Tukabeba magunia manne ya mbolea na vijana wawili waliokuwa hapo. Nikachomeka kifaa changu na kufungua grafu kwenye simu, ile namba inayoonyesha kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Tulipopanda, sindano ya mzee ilianza kushuka polepole: mbili na nusu, mbili, chini ya mbili. Wakati huohuo grafu yangu ilipanda, ikapanda, ikafika mwisho ikakwama. Kompyuta ilikuwa inaongeza petroli ambayo haipo. Kisha gari likalegea, kama mjomba alivyosema.

Mashahidi wawili, mmoja wa zamani na mmoja wa kisasa, walisema jambo moja kwa wakati mmoja. Nitakuwa mkweli, nilisisimka.

Pampu ya magari haya iko ndani ya tangi, na mdomoni pake kuna kichujio kidogo kama soksi. Tulipoitoa, soksi ilikuwa nyeusi kwa uchafu na kutu laini. Mlimani, injini ikitaka petroli nyingi, uchafu ulinyonywa na kuziba soksi. Injini ikizimwa, mnyonyo ukaisha, uchafu ukadondoka, njia ikafunguka. Dakika kumi, gari jipya! Na kwa kuwa mjomba alitembea siku zote na petroli kidogo chini ya tangi, pampu ilikuwa inakunywa tope tu, tena bila petroli ya kutosha kuipoza. Tukasafisha tangi, tukabadilisha soksi na kichujio. Haikufika hata nusu ya bei ya ile sensa niliyomnunulisha.

Umeuona ule ugonjwa wa kale wa pampu yenye joto na kitambaa kibichi? Chanzo ni kingine kabisa, lakini umbo lake ni lilelile: mlimani, na mzigo, linalegea, linapumzika, linarudi. Mzee aliutambua umbo kabla ya kujua chanzo. Hilo alilirithi kutoka enzi za kabureta, na halimo katika kifaa changu.

NILICHOJIFUNZA

Kwa anayetaka kufaidika na makosa yangu, utaratibu ninaoufuata sasa ni huu. Gari likikata nguvu, kwanza okoa watu: washa taa za hatari, toka barabarani kabisa kama bado linasogea, shusha abiria upande usio na magari, weka pembetatu mbali nyuma. Huku kwetu hili si la mzaha. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lililopoteza mwelekeo liliwavamia watu waliokuwa kando ya barabara na zaidi ya 50 wakafa. Kando ya barabara si mahali pa kufungulia boneti na kutafakari.

Pili, uliza kabla ya kuchomeka. Ghafla au polepole? Joto au baridi? Mlima au tambarare? Mafuta ya wapi? Taa ya injini iliwaka? Likiwa linakataa kuvuka mwendo fulani huku taa imewaka, huenda kompyuta yenyewe imepunguza nguvu makusudi ili kuilinda injini, na hapo msimbo ni wa maana sana. Tatu, soma msimbo na uandike kabla ya kuufuta, pamoja na ile picha ya hali ya gari ambayo kompyuta huihifadhi hitilafu inapotokea. Mimi niliufuta, nikafuta na ushahidi. Nne, usinunue kitu mpaka uwe umekipima kikishindwa, na ukipime katika hali ileile kinayoshindwa.

Shilingi 8,500 nimemrudishia mjomba. Alikataa mara ya kwanza, akazipokea mara ya pili, kama ilivyo adabu. Kwa watu wa chai fedha hizo zinahesabiwa kwa kilo: majani mawili na chipukizi, moja moja kwa mkono, alfajiri kwenye umande. Kila ninapoandika programu siku hizi inayomwambia mtu "hitilafu namba fulani", najiuliza mara mbili: nimemwonyesha mwizi, au nimemwonyesha shahidi tu?

Gari linapanda vizuri. Mjomba sasa anaweka mafuta ya elfu moja.

Haya, tuonane wakati mwingine.